Jumatano ya Josho

Mama Wahome tulimzika Ijumaa moja ya manyunyu, kwenye shamba lake linaloteremka kuelekea mtoni, na mjukuu wake aliyesomea mambo ya kompyuta akausoma wasifu wake kwa sauti nzuri. Alisoma habari za ubatizo, ndoa, ujane, watoto, huduma katika chama cha akina mama kanisani, na maradhi ya miaka ya mwisho. Yote yalikuwa sahihi. Nilikaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, leso imefunika magoti, nikisubiri afike kwenye josho. Hakufika. Aliikunja karatasi, watu wakaimba, na jeneza likateremshwa. Wahome mwenyewe, kifungua mimba wake, ambaye siku hizi ana mvi kunizidi, aliniinamia akaninong'oneza, "Auntie, wamesahau ng'ombe." Nikamwambia, "Nitaandika mimi." Siwalaumu vijana. Hakuna mtu anayeweza kuweka kwenye wasifu jambo ambalo hakusimuliwa, na sisi tuliolijua tulikuwa tumelizoea hata tukaona halina haja ya kusimuliwa. Kwa hiyo nimekaa mezani asubuhi hii, baada ya sala na uji, nimshukuru Mungu kwa mwaka ule mmoja nilioishi kwenye nyumba ya mwanamke yule, mwaka ulionifundisha jinsi ya kuuliza swali.

Nilikuwa msichana niliyemaliza kozi ya kupiga taipu, nikaajiriwa na mbunge wetu. Jina lake sitalitaja. Tulimwita Mheshimiwa na inatosha. Ofisi yake mjini Nyeri ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani aliyeitwa Salim, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, Mwislamu mcheshi ambaye sauti yake ilipanda ngazi kabla yake. Ndani kulikuwa na meza yangu na taipureta iliyokwama kila ilipofika herufi ya mwisho ya mstari, benchi la wageni, kabati lisilofungika, na dirisha ambalo asubuhi za mwezi wa Januari lilituonyesha Mlima Kenya wote, na miezi mingine lilituonyesha ukungu tu. Nyumbani tulisema Kikuyu, lakini ofisini tulisema Kiswahili kwa heshima ya Salim, maana hapakuwa na mazungumzo ya ofisi ile ambayo Salim hakuyaingilia. Alipanda na sindano mdomoni, akapewa chai, akasikiliza shida za watu kana kwamba yeye ndiye aliyepigiwa kura. Siku za Ramadhani hakunywa chai, lakini kusikiliza hakukufunga.

Chumba cha kulala nilipanga kwa Mama Wahome, ng'ambo ya mto, mwendo wa kutembea kutoka mjini. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, jikoni kando, na nyuma ya ukuta wa chumba changu lilikuwepo zizi la ng'ombe mmoja wa gredi, wa mbegu ya kizungu, aliyeitwa Malkia. Usiku nililala nikisikia akicheua, sauti ambayo mpaka leo hunipa usingizi kuliko dawa. Malkia alinunuliwa na marehemu mume wa Mama Wahome kwenye shamba la Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru. "Malkia mwingine alienda na meli," Mama Wahome alipenda kusema, "huyu akabaki tumkamue." Maziwa yake yalikwenda kwenye chama cha ushirika kila alfajiri, na ndiyo yaliyomweka Wahome katika shule ya bweni. Hilo lilikuwa wazi kwetu wote katika nyumba ile. Mezani tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe, tukateremsha kwa chai nzito, na kabla ya kulala Mama Wahome aliomba. Aliwaombea wagonjwa, akamwombea Wahome, kisha akamwombea Malkia kwa jina. Mwanzoni nilifumbua jicho moja kumtazama. Baadaye nilizoea, na baadaye tena nikaanza kuitikia amina kwa sauti.

Kule mgongoni kwetu, ndivyo tunavyoita kilima kirefu kati ya mito miwili, mahali panapoitwa Gatumbi, kulikuwa na josho. Watu walilijenga kwa harambee miaka ya kwanza ya Uhuru: wanaume walichimba mtaro, wanawake wakabeba mawe kutoka mtoni kwa migongo, na siku ya kufungua mchungaji aliomba kabla ya ng'ombe wa kwanza kurushwa majini. Kisha Serikali ikaona ni vema idara yake iyaendeshe majosho yote, ili dawa ya kupe iwe ya kipimo kimoja kila mahali. Lilikuwa wazo zuri, na watu waliikabidhi idara josho lao kwa furaha. Kwa muda mambo yalikwenda sawa. Halafu dawa ikaisha. Mtunza josho, mtu mpole aliyevaa koti la mvua hata siku za jua, aliendelea kuja na kukaa kwenye jiwe lake, na kila aliyeleta ng'ombe alimwambia, "Dawa inakuja." Masika yakapita, dawa inakuja. Majani yakaota ndani ya mtaro. Ng'ombe wa gredi hawana nguvu ya wale wa kienyeji mbele ya kupe. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikawaingia, tezi zikavimba chini ya masikio, wakakohoa, wakalala, na wengine hawakuinuka. Ndama jike wa Malkia, aliyetarajiwa kushika nafasi ya mama yake, alikufa asubuhi moja nikiwa bado navaa viatu vya kwenda kazini. Mama Wahome hakulia. Aliingia jikoni, akaosha sufuria ambayo ilikuwa tayari safi, akaiosha tena.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na kazi ya jioni. Jua lilipoanza kushuka, mimi nilishika kopo la mafuta ya taa na yeye akapitisha vidole vyake mwilini mwa Malkia, ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya mapaja, akitoa kupe mmoja mmoja na kumtumbukiza ndani ya kopo. Alifanya hivyo akiomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani. "Bwana," nilimsikia siku moja, "mikono hii ni yako, na ng'ombe ni wako. Lakini dawa ni ya Serikali, na wewe unajua walipo." Kesho yake kupe walikuwa wamerudi. Ng'ombe alilishwa nje, na nje kulikuwa kumejaa kupe. Sisi tuliokuwa tunashindana nao tulikuwa wanawake wawili na kopo.

Mheshimiwa alikuja kutoka Nairobi kila Ijumaa, na benchi likajaa. Ijumaa moja Mama Wahome alivaa kitambaa chake cha kanisa akaja nami, akakaa foleni kama wengine, akakataa nimpitishe mbele. Zamu yake ilipofika alisema mambo yake kwa ufupi. Mheshimiwa alikuwa mtu wa heshima, mwalimu wa zamani, mnene kidogo, asiyependa kelele. Aliposikia habari za ndama alivua miwani.

"Mama, nitauliza swali Bungeni," alisema.

"Swali?"

"Ndiyo. Swali la maandishi. Waziri lazima alijibu."

"Mheshimiwa, hata mimi naweza kuuliza swali. Nimemuuliza yule wa koti la mvua kila wiki. Sikukupigia kura uulize. Nilikupigia kura ujibu!"

Benchi zima lilicheka. Salim, aliyekuwa amesimama mlangoni na kipande cha suruali begani, alisema, "Mama, huyu ametumwa huko kuuliza. Wa kujibu ni wengine. Ukitaka majibu hapa utapata chai tu." Mheshimiwa naye alicheka, lakini akamweleza kwa uvumilivu, na mimi nikasikiliza, maana nilikuwa napiga taipu mambo ambayo sikuyaelewa. Mbunge akiuliza swali kwa mdomo, alisema, Waziri Msaidizi husimama, hutoa mzaha, ukumbi hucheka, na watu huenda kunywa chai. Swali la maandishi hurudi na karatasi. Karatasi haina mzaha, ina jina la aliyeitia sahihi, na mtu anaweza kurudi nayo mwaka ujao na kuuliza, hivi ndivyo ulivyosema, sasa iko wapi? "Serikali ni kubwa, Mama," alisema. "Huwezi kuishika mkono. Lakini unaweza kuishika neno." Mama Wahome aliinuka kwenye benchi. "Haya," akasema, "ishike basi. Malkia anangoja."

Swali la kwanza nililipiga taipu Jumatatu iliyofuata, na hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo nadhani lingefanywa na watu wa migongo yetu tu. Mheshimiwa alilelewa na wazee waliojua kusema. Kwetu, mtu mzima akienda kuomba jambo haliombi mlangoni. Hata wanaokwenda kuomba msichana huanza kwa kuulizia mvua, kisha mahindi, kisha husema wamemwona mbuzi wao mmoja akiingia boma hili. Jambo lenyewe hutajwa mwishoni, tena na mtu mwingine. Kumwuliza mtu moja kwa moja ni kumvua nguo. Basi Mheshimiwa aliandika swali kama mzee anayebisha hodi: je, Waziri anafahamu kwamba wananchi wa Gatumbi walijenga josho kwa nguvu zao wenyewe, na kwamba wamelikabidhi kwa idara kwa moyo mkunjufu? Alitegemea Waziri aelewe kwamba mtu hafiki mlangoni kusifu ukuta. Tulisubiri wiki nyingi. Mama Wahome aliniuliza kila jioni, vidole vyake vikiwa ndani ya masikio ya Malkia, "Wamejibu?" Nikasema bado. Hatimaye bahasha ya kahawia ilifika. Nilimfungulia Mheshimiwa, nikasoma. Jibu lote lilikuwa: Ndiyo, Waziri anafahamu.

Hapakuwa na mstari mwingine. Niligeuza karatasi nyuma. Salim alisema, "Lahaula," akakaa kwenye benchi. Mabega ya Mheshimiwa yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa barabarani mbele ya watu. "Nimewauliza kama nilikuwa naenda kuoa," alisema. Mama Wahome hakucheka. Alikuwa amekuja kusikia jibu, na alikuwa ameacha kazi ya shambani. "Ati anafahamu," alisema. "Basi huyo anafahamu na ndama wangu hafahamu kitu." Hapo Mheshimiwa aliacha kucheka. Alivuta kiti karibu na meza yangu, akaniuliza kama bado nafundisha watoto katekisimu Jumapili. Nikasema ndiyo. "Soma swali la kwanza," akasema. Nikasoma kwa moyo: Nani aliyekuumba? "Unaona?" alimwambia Mama Wahome. "Nimejibu maswali hayo nikiwa mtoto nisiye na viatu, na hakuna hata moja lenye habari za mbuzi. Mchungaji alitaka kujua kama najua, akaniuliza kama najua. Nimekuwa mbunge nikasahau."

Jioni ile hatukufunga ofisi mapema. Tulilikata swali vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Mara ya mwisho josho la Gatumbi kupata dawa ilikuwa lini? Ng'ombe huogeshwa humo siku gani? Ikiwa hawaogeshwi, dawa italetwa tarehe ngapi? Salim alitaka tuongeze kipande cha nne kumuuliza Waziri kama yeye mwenyewe huoga, na Mama Wahome akamwambia, "Wewe shona suruali, ya watu wazima tuachie." Lakini alicheka, mara ya kwanza tangu ndama afe. Nilipiga taipu nakala safi, Mheshimiwa akaibeba kwenye mkoba wake hadi ofisi ya Karani wa Bunge.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo nimelifikiri mara nyingi tangu nizeeke, ni safari ya swali lenyewe. Waziri hajui Gatumbi iko wapi, na hawezi kujua. Swali huteremka kutoka Bungeni hadi wizarani, kutoka wizarani hadi mkoani, kutoka mkoani hadi wilayani, mpaka linatua mezani kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo inayoulizwa. Mtu huyo huandika jibu. Jibu hupanda ngazi zile zile, kila ngazi ikiweka muhuri wake, mpaka linamfikia Waziri likiwa limevaa suti, naye hutia sahihi. Kwa hiyo anayeshtakiwa ndiye anayeandika hukumu, na kila aliye juu yake humwamini kwa kuwa hana njia nyingine. Sisemi hivi kwa uchungu. Binadamu wote tuko hivyo. Hata Adamu alipoulizwa yuko wapi, alijibu habari za uchi wake. Mungu alijua jibu kabla ya kuuliza, na bado aliuliza, kwa sababu swali lilikuwa nafasi ya Adamu kutoka mwenyewe kichakani.

Bahasha ya pili ilifika. Jibu la kwanza: josho la Gatumbi lina dawa ya kutosha. La pili: ng'ombe huogeshwa kila Jumatano. La tatu: kutokana na majibu hayo, swali halizuki, yaani halina haja ya kujibiwa. Nilikuwa peke yangu na Salim nikitafsiri kutoka Kiingereza, na niliposema "halizuki" nilifikiria kopo la mafuta ya taa, nikaiweka karatasi chini. Salim hakufanya mzaha. Alisema tu, "Binti, funga ofisi. Nenda ukamwambie." Nilitembea mpaka nyumbani nikiwaza jinsi nitakavyoanza, na kwa mara ya kwanza nikatamani maneno ya kuzunguka, nianze na mvua na mahindi. Mama Wahome alikuwa anamkamua Malkia. Nikamsomea palepale, nimesimama kwenye matope. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Alipomaliza aliinuka, akafuta mikono, akaniambia nirudie la pili.

"Ng'ombe huogeshwa kila Jumatano."

"Waziri ametia sahihi?"

"Ametia."

"Waziri wa Serikali anasema uongo?"

Nilisema labda amedanganywa.

"Mimi sitamwita Waziri mwongo," alisema Mama Wahome. "Sisi ni Wakristo, tumeambiwa tutii wenye mamlaka. Kama amesema Jumatano, basi Jumatano twende."

Nilidhani ni mzaha wa uchungu. Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama upande wa akina mama, akaomba ruhusa kwa mchungaji. Akasema Mungu amesikia maombi, Serikali imejibu kwa maandishi kwamba josho la Gatumbi lina dawa ya kutosha, na ng'ombe wote waletwe Jumatano, na kabla ya kuogesha kutakuwa na ibada fupi ya shukrani. Alisema hayo bila kutabasamu. Kutoka upande wa wanaume nikasikia mtu akikohoa kicheko, na mchungaji, mzee mwerevu, akatazama kitabu chake cha nyimbo kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Tutaanza na wimbo gani?" aliuliza.

Mheshimiwa nilimpigia simu Nairobi kutoka posta. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi Jumatano niko Bungeni. Wewe nenda. Beba lile jibu. Usiongeze neno, usipunguze."

Jumatano ile ukungu uliondoka mapema. Nimeshaona umati mwingi katika maisha yangu, lakini sijaona kitu kama ng'ombe wale wakishuka kutoka kila mgongo, weusi na madoa na wekundu, kila mmoja na kamba yake na mwenyewe, wengine wakiwa wamefungwa kengele. Walijaza njia ya Gatumbi, na njia ilipojaa wakajaza barabara kuu ya kwenda mjini, na malori ya kahawa yakasimama yakipiga honi. Mtunza josho aliinuka kwenye jiwe lake. Ndani ya mtaro kulikuwa na maji ya mvua ya rangi ya chai, majani, na kuku wa mtu fulani, amelalia mayai kwenye ngazi ya kutokea. Mchungaji aliomba. Akina mama waliimba wimbo wa mavuno, sauti zote. Mama Wahome alisimama mbele kabisa, mkono shingoni mwa Malkia, amevaa kitambaa cha kanisa.

Landrova ya idara ilifika ikipenya kati ya ng'ombe. Aliyeshuka alikuwa afisa kijana, shati limepigwa pasi vizuri, na hasira ya mtu aliyeitwa kutoka kwenye kiamsha kinywa.

"Nani amewaambia mlete ng'ombe hapa?"

"Waziri," alisema Mama Wahome.

"Waziri gani?"

Alinigeukia, nami nikasoma. Nilisoma Kiingereza kama kilivyokuwa, kisha nikasoma kwa Kikuyu ili wote wasikie. Sikuongeza neno. Nilipofika kwenye Jumatano, niliona masikio ya kijana yule yakibadilika rangi, nikaelewa kwamba maneno niliyokuwa nayasoma yalikuwa yake. Watu nao waliona. Palikuwa na minong'ono, na mwanamume mmoja nyuma akaita, "Muogesheni yeye kwanza!" Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Mama Wahome aliinua mkono, wakanyamaza.

"Mwanangu," alimwambia afisa, "mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Wapi?"

"Kerugoya."

"Yuko na ng'ombe?"

"Yuko na wawili."

"Wao huogeshwa siku gani?"

"Alhamisi," alisema haraka.

"Wanaogeshwa?"

Afisa aliangalia mtaro, akaangalia kuku. Hapo ndipo alipovua kofia. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "niliulizwa kwa haraka. Nikaangalia ratiba. Ratiba inasema Jumatano." Dawa ilikuwapo, alisema, madramu yamekaa stoo, lori limeharibika, na hakuna aliyekuwa ameuliza mpaka swali lilipokuja, na lilipokuja aliona aibu kuandika kwamba yamekaa. Aliomba wiki moja. Mama Wahome akasema, "Andika." Aliandika nyuma ya jibu la Waziri, akiweka karatasi juu ya mgongo wa Malkia: dawa italetwa Jumatano ijayo. Akatia sahihi. Kisha Mama Wahome akammiminia uji kutoka kwenye chupa yake ya chai, naye akaunywa amesimama, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

Wiki ile wanaume waliutoa uchafu wote mtaroni na kufungua mfereji wa maji, na kuku akahamishwa na mayai yake kwa heshima zote. Nyumbani tuliendelea na kopo. Jumapili Malkia hakula vizuri, na Mama Wahome alimpapasa chini ya masikio mpaka giza likaingia, akitafuta uvimbe. Hakuupata. Aliomba kwa ufupi sana, neno moja moja. Jumatano lori la chama cha ushirika, lililoazimwa, lilishuka mteremko na madramu, na afisa kijana ameketi juu yake akiyashikilia. Alichanganya dawa mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, na harufu ile kali ikapanda mgongo mzima. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wa kienyeji, walioruka bila maswali. Malkia alifika ukingoni akasimama. Akatazama maji, akatutazama, akakataa. Watu wanne walimsukuma, Salim, aliyekuwa amefunga duka ili aje, akiwa mmoja wao, akimwambia ng'ombe, "Mama, kwenu Ulaya mnaoga, au hamuogi?" Akaenda kwa kishindo, akatulowesha sote, akatokea upande wa pili na macho makubwa, dawa ikimtiririka kama mvua. Mama Wahome alikuwa analia na kucheka. Malkia aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akazaa majike mawili, na Wahome akamaliza shule.

Mheshimiwa alipopata habari hakwenda kupiga kelele Bungeni. Aliniambia nimpigie taipu swali moja zaidi, fupi: kwa kuwa josho la Gatumbi sasa linafanya kazi kama Waziri alivyosema, je, Waziri anaweza kuthibitisha kwamba majosho mengine yote yaliyo kwenye ratiba yanafanya kazi vivyo hivyo? Swali likateremka ngazi zake. Safari hii maafisa hawakutazama ratiba. Habari za ng'ombe barabarani zilikuwa zimewafikia, na kila mmoja alikwenda kutazama mtaro wake kwa macho. Wageni waliopita ofisini walituambia malori yalionekana yakibeba madramu mahali ambapo hatukujua hata kuna josho, mpaka njia ya Doldol, kule mbali kaskazini. Na Salim alisema ana hakika kuna mama mmoja Kerugoya ambaye ng'ombe wake wawili walianza kuogeshwa Alhamisi.

Siku hizi josho la Gatumbi ni jiwe tu lenye nyasi. Watu wanafuga ndani, kila mtu na pampu yake ya dawa, na vijana wakipita pale hawajui ni nini. Miezi michache kabla hajafa, nilikwenda kumwona Mama Wahome. Akili ilikuwa imeanza kumtoka. Alinijua kwa sauti, hakunijua kwa uso. Tuliimba kidogo. Kisha akanishika mkono.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano, Mama."

"Ng'ombe wameenda?"

Mjukuu aliyekuwa akimlisha uji alimwambia nyanya yake upesi, "Wameenda, cucu," kama tunavyowaambia wagonjwa ili watulie. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule mwaka mzima, nikimsikia akikataa majibu ya namna hiyo, na sikutaka apewe moja kitandani pake. Niliinuka, nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Wahome alikuwa zizini, buti miguuni, pampu mgongoni, akimpulizia dawa ng'ombe mwenye madoa, kwanza masikio, kisha chini ya mkia, kisha kati ya mapaja. Nilimuuliza kwa nini leo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini Jumapili ni Jumapili.

"Si ni Jumatano, Auntie?"

Nikarudi ndani, nikamwinamia, nikamwambia mimi mwenyewe nimeona. Akafumba macho, akasema amina.